Msimwite Mechi Moja

Pale Ipinda, wilayani Kyela, baba yangu mdogo ana jina ambalo hakupewa na wazazi wake. Watu wanamwita Mechi Moja. Ukishuka kwenye daladala kutoka Kyela mjini ukamuulizia kwa jina lake la ubatizo, akina mama wauza ndizi watakutazama tu. Sema Mechi Moja, utasindikizwa mpaka mlangoni. Jina hilo alilipata miaka ya sabini, alipoichezea timu ya mkoa wa Mbeya mechi moja ya mpira wa miguu, akarudi nyumbani, asiitwe tena. Tangu hapo amelima mpunga, amepanda kakao, amesomesha watoto sita na amekuwa mzee wa kanisa. Jina halijamtoka.

Na mimi nimemwita hivyo. Si mbele yake, maana ningechapwa, lakini shuleni, mbele ya wenzangu, nilikuwa wa kwanza kucheka. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba ugomvi ninaouanzisha leo unanihusu mimi mwenyewe kwanza.

Machi 2023 alifariki John Nagenda wa Uganda, akiwa na miaka 84. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba kimoja cha habari Dar es Salaam. Nikaandika kurasa mbili za kumkumbuka nikampelekea mhariri. Akazisoma akiwa amesimama, akanirudishia. Alikuwa na sababu tatu, na alizitaja kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini hakuna safari ya Matema leo. Kwanza, kriketi ni mchezo wa Wahindi. Pili, huyu mzee kaichezea Afrika Mashariki mechi moja tu kwenye Kombe la Dunia. Tatu, hata hiyo moja walipigwa. "Nani atasoma?"

Nilikaa kimya. Mimi si mtu wa kubishana ofisini. Lakini sababu hizo tatu zimenikaa rohoni, maana nimegundua si za mhariri yule peke yake. Ndizo sababu ambazo sisi sote, waandishi na wasomaji wa Kiswahili, tumezitumia kutupa nusu ya historia ya michezo yetu jalalani. Basi nazichukua moja moja.

Kwanza, mtu mwenyewe. Nagenda alizaliwa mwaka 1938 Gahini, Rwanda, kwa wazazi Waganda waliokuwa kwenye kazi ya injili. Baba yake, William Nagenda, alikuwa mmoja wa wahubiri wakubwa wa uamsho wa walokole Afrika Mashariki. Kijana akasoma Makerere. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walipokutana pale Makerere, kwenye ule mkutano ambao kila mwanafunzi wa fasihi anauhifadhi kichwani kwa ajili ya mtihani, Nagenda alikuwamo, pamoja na James Ngugi ambaye baadaye alijulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikuwamo pia David Rubadiri, mshairi wa Malawi, ambaye alizaliwa Liuli, kwenye ufuko wetu huuhuu wa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania. Nagenda aliandika hadithi fupi, akaandika kitabu cha watoto kiitwacho Mukasa, na mwaka 1986 riwaya yake, The Seasons of Thomas Tebo, ikatoka kwenye ule mfululizo wa Heinemann wa waandishi wa Afrika. Mwaka huohuo aliteuliwa kwenye tume iliyochunguza ukiukwaji wa haki za binadamu Uganda tangu uhuru. Baadaye akawa mshauri wa Rais Museveni na mwandishi wa safu maarufu kwenye gazeti la New Vision.

Katikati ya yote hayo, tarehe 7 Juni 1975, akiwa na miaka 37, alisimama kwenye uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham akarusha mpira kwa niaba ya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa pamoja. Lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi kwa wanaume. Timu ilikuwa na wachezaji 14, na jina lake lilikuwa Afrika Mashariki tu. New Zealand walipata mikimbio 309, na Glenn Turner peke yake akafunga 171 bila kutolewa. Siku hiyo New Zealand walipoteza wapigaji watano tu. Mmoja kati ya hao watano alitolewa na Nagenda. Alirusha ova 9, yaani mipira sita mara tisa, akatoa mikimbio 50. Kisha hakucheza tena mechi ya kimataifa ya kiwango hicho maisha yake yote.

Sasa sababu ya kwanza: mchezo wa Wahindi.

Jamani, na mpira wa miguu ni mchezo wa nani? Sisi Wanyakyusa tuliutoa wapi, chini ya migomba? Uliletwa na haohao waliokuja na meli, bunduki na Biblia. Tofauti ni njia uliyopita tu. Kyela haina kriketi kwa sababu zinazoeleweka. Wakoloni wa kwanza huku kwetu walikuwa Wajerumani, na Mjerumani hana habari na kriketi. Wamisheni waliofika Rungwe na ziwani mwaka 1891, Wamoravian na wale wa Berlin, walileta nyimbo na tarumbeta. Waingereza walipochukua nchi, kriketi yao ilibaki Dar es Salaam, Tanga, Arusha, kwenye klabu zao na kwenye viwanja vya jumuiya za Kihindi. Kyela tulipata bandari ya Itungi na mpira wa miguu. Ni jiografia tu. Lakini tumeigeuza jiografia kuwa rangi ya ngozi, tukasema kile ambacho hakikufika kwetu si cha Mwafrika.

Na hata tukikubali hesabu hiyo ya rangi, bado inakataa. Nagenda alikuwa Mganda mweusi. Mwenzake kwenye timu hiyo, Samuel Walusimbi, naye Mganda mweusi, ndiye aliyetoka kufungua kupiga siku ile. Wengine wengi walikuwa na asili ya Kiasia, wawili Wazungu. Mmoja wa Wazungu hao, Don Pringle wa Kenya, alikufa kwa ajali ya gari Nairobi mwaka huohuo wa 1975. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi, alikuja kuichezea Uingereza mpaka fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1992. Tuliokuwa nao wengine tumewagawa bure.

Kwa nini Uganda ilileta wachezaji wawili tu? Kumbuka mwaka 1972. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wafungashe, na pamoja na maduka yao wakaondoka walimu, mafundi, na sehemu kubwa ya kriketi ya Uganda. Nagenda na Walusimbi walikuwa mabaki ya nyumba iliyobomolewa. Kwa hiyo mtu anaposema "mchezo wa Wahindi" kana kwamba ni jambo la kawaida, namuomba akumbuke kwamba kuna wakati sentensi hiyo ilikuwa amri ya serikali.

Tanzania nayo ilikuwa na vijana wake kwenye timu ile: Praful Mehta na Shiraz Sumar. Sumar alicheza dhidi ya New Zealand, Mehta dhidi ya India. Taifa Stars, ambayo tunaililia kila mwaka, haijawahi kukanyaga Kombe la Dunia. Mehta na Sumar walikanyaga Kombe la Dunia la mchezo wao mwaka 1975. Hivi uliwahi kusikia majina yao darasani? Kwenye redio? Jimbo letu la Kyela limewahi kutoa waziri wa michezo, na nilisoma michezo kwenye magazeti tangu darasa la nne, lakini majina hayo mawili niliyasikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha uandishi shingoni. Nikaona aibu.

Sababu ya pili: mechi moja.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Tumejizoesha kupima maisha ya mchezaji kwa wingi, kama tunavyopima mpunga kwa debe. Mechi mia, magoli hamsini, medali kumi. Mwenye mechi moja tunamweka kwenye kundi la vichekesho. Lakini hebu fikiri mechi moja inataka nini kabla haijafika. Nagenda aliicheza ile yake na miaka 37. Maana yake, nyuma yake kulikuwa na miaka ya Jumamosi kwenye viwanja ambavyo hakuna aliyekuwa akivitazama, mbele ya watazamaji wachache na mbwa mmoja. Hakuwa profesheno. Alikuwa mtu wa vitabu aliyekuwa anarusha mpira vizuri kuliko karibu kila mtu katika nchi nne. Ilichukua nchi nne kumtengenezea timu na dunia nzima kumtengenezea mashindano. Siku ilipofika, akafanya kazi yake: ova tisa, mpigaji mmoja nje, kwaheri.

Huko Uingereza wenyewe, mtu aliyecheza mechi moja tu ya taifa anaandikwa, anahojiwa, anawekwa kwenye kitabu. Wana vitabu vizima juu ya watu wa namna hiyo. Sisi tunampa mtu wetu jina la utani na kumwacha azeeke nalo.

Sababu ya tatu: walipigwa.

Ndiyo, walipigwa, sitaficha. New Zealand waliwashinda kwa mikimbio 181. Siku nne baadaye, kule Headingley, wakatolewa wote kwa 120, na India ikazifikia bila kupoteza hata mpigaji mmoja. Tarehe 14 Juni Uingereza ikawashinda kwa 196. Mechi tatu, vipigo vitatu. Lakini hata ndani ya kipigo kulikuwa na watu. Frasat Ali wa Kenya aliwafungia New Zealand mikimbio 45 akifungua kupiga, na Zulfiqar Ali akapata 30 huko chini ambako wengi hutoka na sifuri. Timu haikumalizwa siku hiyo. Ilipiga ova zote 60, ikabaki na wapigaji wawili mkononi.

Nasikia mtu anasema, "Sasa 128 dhidi ya 309 ndiyo unajisifia?" Sijisifii, nalinganisha. Kwenye mashindano hayohayo ilikuwapo Sri Lanka. Nayo ilicheza mechi tatu, nayo ikapigwa zote tatu. Miaka 21 baadaye, mwaka 1996, Sri Lanka ikawa bingwa wa dunia. Kombe hilohilo la 1996, Kenya, ambayo ilitoa wachezaji wengi wa ile timu ya Afrika Mashariki, iliwatoa West Indies kwa mikimbio 93 kule Pune na kushinda mechi. Mwaka 2003 Kenya ikafika nusu fainali. Uganda ikacheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024 na kuifunga Papua New Guinea, huku Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, akitoa mikimbio minne tu katika ova zake nne. Nagenda hakuiona siku hiyo, alikuwa ameshazikwa mwaka mmoja kabla. Kipigo cha 1975 hakikuwa mwisho wa kitu. Tulioamua kiwe mwisho ni sisi, kwa kunyamaza.

Na hapa nafika kwenye hoja ambayo inawagusa wasomaji wa ukurasa huu kuliko mashabiki wa uwanjani. Mchezo unakuwa wako siku lugha yako inapoumeza. Mpira wa miguu tuliumeza mzimamzima: kipa, kona, penati, ofsaidi, kanzu, chenga. Hakuna mtoto wa Ipinda anayefikiri kwamba "penati" ilipanda meli. Tangu enzi za redio ya mbao watangazaji wetu wamefanya kazi hiyo kila Jumapili mpaka maneno yamelainika. Kriketi hatujaimeza. Ndiyo maana katika makala hii nimehangaika na "mikimbio", na "mpigaji", na "ova", na wewe msomaji umenivumilia. Si kwamba Kiswahili hakiwezi. Kiswahili kilichokula meli, benki na bunge hakishindwi na vijiti vitatu ardhini. Kinachokosekana ni watu wa kuandika.

Tena tazama kinachoandikwa. Fungua ukurasa wowote wa michezo: Simba, Yanga, usajili, Simba, Yanga, kocha kafukuzwa. Mimi mwenyewe nimeandika habari za usajili mpaka vidole vimeota sugu, sijitoi. Lakini Januari 2023 wasichana wa Rwanda wenye umri chini ya miaka 19 walikuwa Afrika Kusini wakicheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la umri wao. Binti za jirani zetu, kombe la dunia! Wangapi walijua? Kesho na keshokutwa mmoja wao atakuwa mama wa watu, atakuwa na mechi zake mbili tatu za Kombe la Dunia kifuani, na watoto wa mtaani watamuita jina gani?

Kuna jambo moja zaidi ambalo sisi wa ziwani tungepaswa kuliona kabla ya wengine. Kenya ilipojitenga mwanzoni mwa miaka ya themanini, timu ya pamoja haikufa. Mwaka 1989 ilibadilishwa jina ikawa Afrika Mashariki na Kati, na ndani yake wakawemo Tanzania, Uganda, Zambia na Malawi. Malawi! Sisi tunaovuka daraja la Songwe pale Kasumulu kwenda Karonga kuuza mchele na kurudi, tunaosikia tangu utotoni kwamba mpaka uko katikati ya maji au uko ufukweni, kutegemea nani anazungumza, kumbe kulikuwa na timu ambayo Mtanzania na Mmalawi walivaa jezi moja, miaka zaidi ya kumi, bila kuulizana ziwa linaitwa Nyasa au Malawi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Timu ya kriketi ilidumu kuliko Jumuiya. Hilo tu lingetosha kuandikiwa kitabu, na kitabu chenyewe kwa Kiswahili sijakiona.

Siandiki hapa kumtakasa Nagenda. Alikuwa mtu wa maneno makali na mwenye kupenda nafsi yake, na wapo wasomi Uganda ambao hawakumsamehe kwa kuitetea serikali kwa miaka mingi wakati kalamu yake ingeweza kuandika riwaya nyingine. Nami nasikitika kwamba aliacha riwaya moja tu. Lakini sikilizeni nilivyosema: riwaya moja tu. Mnaona ugonjwa ulivyo ndani yangu? Mechi moja, riwaya moja, tume moja. Kila mara natoa kibaba cha kupimia. Mtu alitoa alichokuwa nacho mahali palipomwita. Kazi yangu ilikuwa kusoma riwaya hiyo na kuangalia zile ova tisa zilikwendaje. Kudai nyongeza haikuwa kazi yangu.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kama inavyojua kunyesha Kyela, barabara imegeuka uji. Nilimkuta baba mdogo barazani anachambua kakao. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mimi mwandishi wa habari za michezo wa miaka zaidi ya kumi, nikamwambia, "Baba mdogo, naomba unisimulie ile mechi."

Alinitazama kwanza kuona kama namtania. Kisha akaweka sinia chini.

Akasema walisafiri kwa lori kwenda Iringa, wamekaa juu ya magunia. Viatu aliazima kwa mwalimu, vikubwa, akavishindilia karatasi mbele. Aliingia kipindi cha pili baada ya mwenzake kuumia, akacheza winga ya kushoto. Baridi ya Iringa ilimkata mapafu, yeye mtu wa joto la ziwani. Akasema aligusa mpira mara kumi na moja. Alizihesabu. Akaanza kunitajia moja baada ya nyingine, nani kampa, yeye kampa nani, mahali gani uwanjani, na ya saba ilikuwa krosi ambayo mwenzake aliipiga kichwa ikagonga mwamba. Alipofika hapo akainua mkono kuonyesha mwamba ulipokuwa, na mkono ukabaki juu kidogo.

"Ingeingia, mwanangu," akasema, "wangeniita tena."

Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine amewahi kumuuliza habari hizi. Akacheka. "Wewe ndiye wa kwanza. Wengine wote wanajua jina tu."

Nimeandika zote kumi na moja. Ninazo kwenye daftari. Mhariri yeyote anayetaka, anipigie.